Nyumba Inapangishwa, Isipokuwa kwa Wageni

Tangazo ni jambo dogo, wataniambia. Ni kipande cha boksi kilichofungwa langoni kwa waya, au karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, au siku hizi ujumbe ambao dalali anautawanya kwa simu kwa watu mia mbili kwa mara moja. "Chumba na sebule, umeme wa kujitegemea, maji ndani, kodi miezi sita. Watu wa nje ya nchi hapana." Anayesoma anapita. Yule aliyeambiwa hapana naye anapita, maana afanye nini? Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa kwa jina lake, na mwenye nyumba amelala usingizi wake. Basi mzee mstaafu ana haja gani ya kukipigia kelele kipande cha boksi?

Ninayo haja, nami nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu kila nilipolizungumza jambo hili mbele ya watu wa rika langu nimejibiwa upesi mno. Jibu la upesi namna hiyo kwa kawaida ni la mtu ambaye hajalisikia swali.

Mwenye nyumba akikutana na mtu, akamtazama, akamwuliza kazi yake na idadi ya watoto wake, kisha akamkatalia, huenda amekosea, lakini amemhukumu mtu. Mtu yule alipata walau nafasi ya kusema. Tangazo halifanyi hivyo. Tangazo humhukumu mtu ambaye bado hajafika, kwa kosa ambalo halikutajwa, mbele ya mashahidi ambao ni mtaa mzima. Na kwa kuwa limeandikwa, huwa ni somo. Nimesimama mbele ya ubao kwa miaka zaidi ya thelathini, najua nguvu ya jambo lililoandikwa mahali ambapo watoto hupita kila siku. Mtoto wa darasa la pili anayejifunza kusoma husoma kila akionacho: jina la duka, jina la basi, na kibao cha langoni. Hakuna mwalimu aliyemwambia kwamba kuna watu wasiofaa kukaa nao nyumba moja, lakini amekwisha kulisoma hilo mara moja akienda shule na mara moja akirudi.

Najua nitaambiwa ninachanganya mambo. Kwamba kila nchi ina haki ya kuamua ni nani aingie na afanye kazi gani. Sichanganyi. Wanaochanganya ni hao wanaodhani kwamba haki ya dola imegawiwa kwa kila mwenye lango.

Dola ina sheria zake. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za watu wasio raia inamtaka mtu wa nje awe na kibali cha kazi kabla hajaajiriwa. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uongozaji wa watalii. Nina maoni yangu kuhusu amri ile, hasa inapowagusa majirani ambao tulitia nao saini Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Lakini hata anayeipinga amri hiyo anaiona ilipo. Ina tarehe, ina saini ya waziri, ina orodha yenye mwanzo na mwisho. Wakenya waliilalamikia, na malalamiko yao yalikuwa na mahali pa kupelekwa. Kibao cha langoni hakina tarehe wala saini. Aliyezuiwa na kibao hana mahali pa kwenda kuuliza amezuiwa kwa nini na mpaka lini.

Isitoshe, dola yenyewe imesema neno juu ya jambo hili, ila wachache wamelisoma. Katiba yetu, katika ibara ya 13, inapoeleza maana ya kubagua inataja utaifa wa mtu, kabila lake na pahala alipotokea, pamoja na rangi na dini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi hiyo, na inaposema juu ya taratibu za ajira inataja matangazo ya kazi waziwazi. Mwombaji wa kazi analindwa na kifungu hicho kabla hata hajaajiriwa. Sheria hiyo hiyo imeeleza pia kwamba kuajiri raia kwa kufuata sheria ya kukuza ajira si ubaguzi. Kwa hiyo mwajiri anayeandika kwamba raia wa Tanzania watapewa nafasi ya kwanza yumo ndani ya sheria. Anayeandika kwamba wenye asili ya nchi fulani wasijisumbue kuomba, huyo hayumo. Tofauti hiyo si nyembamba, na mhariri anayepokea fedha za tangazo hawezi kudai kwamba haioni.

Hayo ni ya kazini. Sheria ya ajira haiingii kwenye vyumba vya kupanga, na huko ndiko kibao kinakotamba.

Hebu sasa tuulize kibao hiki kinamkamata nani. Kimeandikwa "mgeni", lakini langoni hakuna afisa uhamiaji. Kuna mwenye nyumba mwenye masikio, na masikio yake ndiyo yanayogonga mhuri.

Miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu magharibi ya nchi. Ilikuwa miaka mizito kwa watu wa mpakani. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakaanza kumiminika kuingia Kigoma. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa ishirini na nne hivi. Katika hali hiyo tuliwapeleka wanachuo wawili kwenye mazoezi ya kufundisha, katika mji mmoja ulio mbali na kwao. Walikuwa vijana wa Kasulu, Waha wa kuzaliwa na kukulia hapo, wakiwa na barua ya chuo yenye mhuri na saini yangu. Walitafuta chumba. Mwenye nyumba wa kwanza aliisoma barua mpaka mwisho, akawataka wazungumze kidogo, akasikiliza, kisha akasema: "Ninyi Warundi. Hamkuona nilichoandika pale nje?"

Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Anayezungumza moja hushika nyingine bila shida, na lafudhi yake katika Kiswahili inafanana. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao. Babu wa mmoja wa vijana wale alilipa kodi kwa Wajerumani, kisha kwa Wabelgiji walioshika Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha kwa Waingereza, na akamalizia kwa Serikali ya Uhuru. Sijui familia ya mwenye nyumba yule ililipa kwa wangapi. Nyumba ya pili na ya tatu wakajibiwa vilevile, maana habari ilikwisha kuwatangulia. Wanachuo wangu walilala darasani kwa wiki mbili, wakiamka alfajiri kukunja mikeka kabla ya watoto kufika, mpaka mzee mmoja wa msikitini alipowapa chumba cha uani. Mmoja wao alistaafu miaka michache iliyopita akiwa mwalimu mkuu. Nilipomkumbusha habari hizo alicheka, lakini mkewe hakucheka.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba kibao kinawahusu watu wa nje tu, nawauliza: nani atathibitisha ni yupi wa nje? Mmanyema wa Ujiji, Mkurya wa Tarime, Mnyakyusa wa Kyela, Mmakonde mwenye ndoo za chale usoni na shangazi zake ng'ambo ya Ruvuma, Mtanzania mwenye asili ya Kisomali aliyezaliwa Arusha: hawa wote wamewahi kuulizwa "kwenu hasa ni wapi?" na mtu ambaye hana mamlaka ya kuuliza. Na wako wale waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu 162,156 kati ya hao pamoja na watoto wao, jambo ambalo mataifa yalitusifia, na kwa haki. Lakini cheti cha uraia kiko ndani ya sanduku, na jina na lafudhi viko nje. Tumempa mtu nchi kwa mkono wa kulia, kisha kwa mkono wa kushoto tumemnyima chumba cha kupanga.

Jambo linalonikera kuliko yote ni kwamba neno lenyewe, mgeni, lina bei mbili. Nenda Masaki au Oysterbay uulize nyumba. Dalali atakwambia kwa fahari kwamba mwenye nyumba anataka wageni, watu wa balozi na mashirika, maana wanatunza nyumba na wanalipa kwa mwaka. Kabla ya kanuni za Machi 2025 kupiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kodi yenyewe ilikuwa ikitajwa kwa dola. Huko hakuna anayeuliza kibali cha kuishi kabla ya kusalimia. Kisha panda daladala ushuke Manzese au Tandika, na dalali wa pili atakwambia kwamba wageni ni wasumbufu, hawaaminiki, na watakuletea polisi. Basi si ugeni unaokataliwa. Mgeni mwenye fedha huitwa mgeni rasmi, na mgeni mwenye begi la nailoni huitwa mhamiaji haramu kabla hajafungua mdomo. Mnaosema mnalinda taifa, hebu lilindeni na huko Masaki tuone.

Na sisi walimu tumeyaonja yote mawili. Miaka ya 1990 na 2000, shule binafsi za kufundisha kwa Kiingereza zilipoongezeka, nyingi ziliajiri walimu kutoka Kenya na Uganda, na yapo matangazo yaliyosema moja kwa moja kwamba hao ndio wanaotakiwa. Vijana niliowafundisha mwenyewe walikuwa wakiniletea magazeti wakiwa na hasira: "Mwalimu, katika nchi yetu?" Hasira ile ilikuwa ya haki. Tangazo lilipaswa kusema linataka mwalimu anayejua Kiingereza vizuri na hesabu vizuri, kisha kila mwombaji apimwe. Badala yake lilitaja nchi, likidhani kwamba limetaja ujuzi. Lakini baadhi ya vijana wale wale, leo wakiwa na nyumba zao za kupangisha, wameandika vibao vya aina ile ile na kuvigeuza upande wa pili. Ugonjwa haubadiliki kwa kuhama kutoka jicho la kushoto kwenda la kulia.

Wengine walikwisha kuipita njia hii, nasi tunaweza kuwasoma bila kulipa nauli. Uingereza ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 ilijaa kadi ndogo kwenye madirisha ya maduka na nyumba, zikitangaza vyumba na kusema kwamba watu wa rangi hawatakiwi. Waliokuwa wakizisoma walikuwa watu wa Jamaika na Barbados, Wahindi na Wapakistani, na wanafunzi wa Afrika, wakiwamo wa kutoka kwetu. Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya mahusiano ya rangi mwaka 1965, lakini ilihusu mahali pa hadhara kama hoteli, migahawa na vyombo vya usafiri. Ajira na nyumba ziliachwa nje, yaani viliachwa vitu viwili ambavyo mtu hawezi kuishi bila kuwa navyo.

Ndipo watafiti wakafanya jambo ambalo nalipenda kama mwalimu, kwa sababu ni jaribio ambalo hata mwanafunzi angeweza kulibuni. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1967. Walipeleka watu watatu, mmoja baada ya mwingine, kwenye nafasi zile zile zilizotangazwa: Mwingereza mweupe, mzungu mhamiaji kutoka Hungaria, na mtu mweusi wa visiwa vya Karibi. Matangazo yaliyosema wazi kwamba weusi hawatakiwi waliyaacha kabisa. Walichukua yale yaliyojifanya hayana neno. Hata hivyo, karibu robo tatu ya wenye nyumba walimbagua yule mweusi, kwa kumwambia chumba kimechukuliwa au kwa kumtajia kodi kubwa zaidi. Yule wa Hungaria, aliyekuwa mgeni kama yeye na mwenye Kiingereza cha kigeni, alipita sehemu nyingi bila shida. Hapo Waingereza wakaacha kujidanganya kwamba tatizo ni ugeni.

Sheria ya 1968 iliingiza ajira na nyumba. Ilikuwa na mapengo. Kwa mfano, mwenye nyumba anayekaa ndani ya nyumba ndogo pamoja na wapangaji wake aliachiwa achague atakaye. Lakini juu ya matangazo ilikata shauri la ajabu, ambalo ningependa wanasheria wetu walitazame: hata pale ambapo kukataa kwenyewe hakukuwa kosa, kukutangaza kulikuwa kosa. Mwenye nyumba aliweza kukataa ndani ya moyo wake na ndani ya sebule yake. Hakuruhusiwa kuuandika moyo wake dirishani.

Watu wengi waliicheka sheria hiyo. Mwaka 1969 daktari mmoja wa mji wa Eastbourne alitangaza kwamba anatafuta mtumishi wa nyumbani Mskoti. Akaambiwa tangazo lake limevunja sheria, na magazeti yakacheka mpaka yakachoka, kwamba sasa mtu haruhusiwi kutaka mpishi wa kwao. Nami nakiri kisa kile kinachekesha. Lakini sheria inayochekesha mara moja kwa sababu ya Mskoti ni bora kuliko kibao kinachomliza mtu kila jioni. Kadi zikaondoka madirishani. Je, mioyo ilibadilika? Si siku hiyo, wala si yote hadi leo. Lakini mtoto aliyezaliwa London baada ya 1968 hakujifunza kusoma kwa kadi zile.

Kisa cha nne kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Mwezi Septemba, wakati familia zikiwa bado Kampala zikipanga masanduku, halmashauri ya jiji la Leicester ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus na kuwatangazia watu hao kwamba kwa faida yao wenyewe wasiende Leicester: nyumba zimejaa, shule zimejaa, huduma za afya zimezidiwa. Fikiria, msomaji, mtu amefukuzwa na tangazo la redio nyumbani kwake, na kabla hajapanda ndege amekutana na tangazo la gazeti la kumkataa huko aendako. Maelfu walikwenda Leicester hata hivyo. Wapo waliosema kwamba walikuwa hawajawahi kulisikia jina la mji huo mpaka walipolisoma katika tangazo. Leo watu wenye asili ya Asia ni zaidi ya theluthi ya wakazi wa jiji lile, na waliokuja na masanduku mawili walifungua viwanda na maduka.

Simtaji Amin ili kumlinganisha na mwenye nyumba wa Tandika. Nataka kuonyesha kwamba halmashauri ile haikuwa na watu wakatili. Ilikuwa na watu waliohesabu vitanda na madawati, wakaona hayatoshi, kisha wakaandika asili ya watu mahali ambapo walipaswa kuandika idadi ya madawati.

Sasa tuwasikilize wenye nyumba wetu, maana nao wana hoja. Ya kwanza: nyumba ni yangu, nimeijenga kwa jasho langu, nampangisha nimtakaye. Kweli ni yako. Ukitaka kumpa mpwa wako chumba, mpe, wala hakuna atakayekuuliza. Lakini ulipoandika tangazo uliacha kuzungumza na mpwa wako, ukaanza kuzungumza na umma. Mpangaji akikataa kuhama huendi na rungu. Unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, ambalo umma unaliendesha kwa kodi za watu wote, wakiwamo wale unaowafukuza kwa kibao. Mtu hawezi kuuita umma siku ya kumtoa mpangaji, kisha siku ya kumwingiza akaukataa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Sheria ya uhamiaji inamwadhibu anayemhifadhi mtu aliyeingia nchini bila kibali, na wapo wenye nyumba walioamshwa usiku. Mtu akiogopa hilo simwiti mbaguzi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni karatasi. Mamlaka ya vitambulisho ya taifa ina kazi ya kuwaandikisha raia, wageni wakaazi na wakimbizi pia. Mgeni halali ana kibali cha kuishi chenye tarehe. Ofisi ya serikali ya mtaa inatoa barua. Mwombe kila mpangaji kitu kile kile, Mha na Mpare, Mkenya na Mzungu, na asiyekuwa nacho mkatalie kwa sababu hana. Hapo umeitii sheria. Aliyebandika kibao hakuitii sheria. Ameikwepa kazi ya kusoma karatasi, akaibebesha pua ya mtu.

Na hata hapo tusijidanganye kwamba karatasi zinamaliza mambo. Uingereza, ile ile ya sheria ya 1968, mwaka 2014 ilitunga sheria nyingine ya kumtaka mwenye nyumba akague haki ya mpangaji ya kuishi nchini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ikaona kwamba mpango huo unawafanya wenye nyumba wawakwepe watu wenye majina ya kigeni, hata wenye vibali, hata raia. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ubaguzi upo, lakini ikaiacha sheria isimame. Basi kuagiza ukaguzi bila kukataza kibao ni kumwongezea mwenye nyumba sababu ya kukibandika.

Ile hoja ya kwamba wageni huhama usiku bila kulipa sina muda nayo. Waliohama usiku bila kulipa ninawafahamu kwa majina, ni Watanzania halisi, tena mmoja ni jamaa yangu.

Wapo watakaosema mzee anatetea watu wa nje huku vijana wetu hawana kazi. Vijana wetu ndio hasa ninaowatetea. Wako wapi vijana wetu leo? Rwanda iliifanya lugha yetu kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Uganda iliamua vivyo mwaka 2022. Mwalimu wa Kiswahili aliyesoma vyuo vyetu anayatazama madarasa ya huko kwa matumaini. Mabinti zetu wako Oman na Falme za Kiarabu wakifanya kazi za ndani. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya wafanyakazi hao wa Kitanzania ilieleza jinsi mshahara unavyopangwa kwa kufuata nchi ya mtu badala ya ujuzi wake, na Mtanzania si wa juu katika orodha hiyo. Binti anafika, anapika vile vile, anafua vile vile, analea mtoto yule yule, na mwenzake wa nchi nyingine amemzidi kwa sababu ya jalada la pasipoti. Mama yake huku nyumbani analia kwa haki. Naye kwenye lango la nyumba aliyoijenga kwa fedha alizotumiwa na binti huyo ameandika kwamba wageni hapana. Nyumba hiyo ipo. Nimekunywa chai ndani yake, na nilimwambia mwenyewe haya ninayoyaandika.

Alinijibu kwa methali, kama wengi wanavyofanya: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa mwaka 1962, na tangu hapo imekuwa ikitumiwa kana kwamba maana yake ni kumfukuza mgeni. Someni tena. Haisemi siku ya tatu mwonyeshe njia. Inasema mpe jembe, yaani mpe kazi, na anayepewa jembe amepewa na pa kulala, maana hakuna anayelima shamba lako kisha akalala porini.

Ninachotaka si kikubwa. Kifungu cha 7 cha sheria ya ajira kipate ndugu yake upande wa nyumba za kupanga, chenye neno moja juu ya matangazo. Kabla Bunge halijafika huko, wahariri wayarudishe matangazo ya namna hii kwa waliyoyaleta pamoja na fedha zao, na madalali, ambao hula kodi ya mwezi mmoja kwa kila mpangaji na kwa hiyo hawana faida yoyote katika kuwapunguza, wakatae kuyasambaza. Viongozi wa mitaa wanaotembea kuhesabu kaya wanaweza kuviona vibao hivi kwa macho, na kumwomba mwenye nyumba akishushe kwa maneno ya kawaida ya majirani.

Akiuliza aandike nini badala yake, nimekwisha kumwandikia: "Chumba na sebule. Kodi miezi sita. Mpangaji alete kitambulisho au kibali cha kuishi, na barua ya serikali ya mtaa." Ni maneno 19, nimeyahesabu, nayo yanaenea vizuri kwenye kipande kile kile cha boksi.